Mlango wa Da Rukia Umejifunza Kusubirisha

Da Rukia,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo shikamoo nikanyanyua kichwa kwa mazoea, nasubiri marahaba yako ya haraka haraka, ile uliyokuwa unaitoa kabla mtu hajamaliza kuamkia. Haikuja. Nikacheka peke yangu, na tajiri wetu Mzee Abeid kanitupia jicho la upande, nadhani anafikiri nimeanza kuchanganyikiwa. Mwache afikiri. Mie nina mengi ya kukuhadithia, na kule makaburini siwezi kusema kwa kituo, kila anayepita anasimama kunipa pole.

Nimekalia stuli yako, mbele ya kompyuta yako, duka lile lile la Mtoni, marobota ya kanga yamepanda mpaka darini. Jua limewaka, wateja hakuna, vumbi la Barabara ya Kilwa limeingia mpaka kwenye kibodi na nimelipangusa kwa kile kitambaa chako cha kijani. Umeme upo, alhamdulillahi.

Nianze na la muhimu usije ukapata wasiwasi bure. Mama yako mzima. Bi Mwanaidi anakula, anacheka, anatusema wote kama zamani, na ameanza tena kutunga majina ya kanga. Lakini dada yangu, kidogo tumpoteze na yeye. Si kwa maradhi, kwa fedheha. Na ndani ya fedheha hiyo umo na wewe. Usinikunjie uso, ngoja nikupe kisa chote.

Ilipopita arobaini yako, Mzee Abeid alimwendea mama yako kwa jina jipya. Unajua mwenyewe biashara ilivyo siku hizi, tangu wafungulie watu kuagiza mali. Kila mwenye binamu India analeta kanga. Maua yanafanana, rangi zinafanana, kinachouza ni jina lililoandikwa pale chini, na jina ni la yule aliyetangulia kulitoa. Ukija wa pili wewe mwigaji, kaa na marobota yako uyalalie. Basi mama yako, na huzuni yake yote, akatoa hili: KICHEKO CHAKO HAKINIPIKII. Lo! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikaliandika kwenye mashine, programu yako ikalivuruga likawa takataka isiyosomeka, likapita kwenye simu mpaka kwa wakala wetu India, kule programu hiyo hiyo ikalinyoosha, likapelekwa kiwandani. Sie tukakaa kusubiri mzigo.

Mzigo ukiwa bado uko melini, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara akatundika kanga mpya mlangoni kwake. Maua mengine, rangi nyingine. Jina lile lile, neno kwa neno.

Mzee Abeid akasema, "Akili za watu hukutana." Sawa. Mama yako akatunga jingine, ULIYEMNUNIA AMESHALALA. Nalo jirani akalitundika kabla yetu. Hapo Mzee akaanza kupekua kichwani mwake nani alijua. Yeye mwenyewe alijua. Mie nilijua, lakini mie nashinda mbele ya macho yake kutwa nzima. Mashine ilijua, na mashine ni kazi ya mikono yako, na wewe Mtoni hii ukitajwa watu wanatikisa vichwa kwa fahari: mtoto wetu huyo, katengeneza programu mwenyewe, hakuinunua kwa Mzungu. Nani akuguse wewe? Akabaki mama yako. Na la kuzidi, mke wa jirani alikuwa anakwenda kumwangalia tangu siku za msiba, na sufuria ya wali kichwani, mchana kweupe, mtaa mzima unaona.

Mzee hakumtukana. Unamjua, watu wa kwao hawapayuki, tangu babu yao alivyokuja na kibiashara chake kutoka Hadhramauti wanauza kwa ulimi wa asali. Alichofanya ni kuacha kupita kumsalimia. Basi, hilo tu. Akitoka msikitini anapita njia ya nyuma. Na watu si wajinga, wakaelewa. Mama yako akawa akienda bombani wanawake wanapunguza sauti.

Siku moja akaniambia, "Tatu mwanangu, mwenzangu anadhani nimekula amana yake." Hakulia. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Mie nikawaka. Nikarudi dukani nikamwambia Mzee, huyu mama kamzika mwanawe juzi, na wewe unamzika yeye mzima. Akanijibu taratibu, "Tatu, mimi sijamtaja mtu." Nikamwambia ndiyo, na hapo ndipo panapochoma, maana ungemtaja angejitetea. Nikatoka nikabamiza mlango. Najua, najua, ulinikataza kubamiza milango ya watu.

Sasa Mungu ana njia zake. Mwenge umeme ukakatika, na uliporudi ukarudi na hasira, ukaiunguza kompyuta ya tawi letu, pale karibu na wachonga vinyago. Fundi akaleta nyingine kuukuu. Diski ya programu yako ninayo. Ishu ikawa neno la siri. Lile la Mwenge uliliweka wewe mwenyewe, hukumwambia mtu, na mashine ya Mtoni inalo lakini imelifumba lisisomeke. Lilikuwa kwenye ile kompyuta iliyoungua, na kwenye kichwa chako. Na kichwa chako…

Basi.

Nikaenda Mwenge nikakaa kuotea. Napiga simu Mtoni, modemu inalia ule mlio wake wa paka aliyekanyagwa, mashine inaniuliza neno, naandika. VINYAGO. Papo hapo: "Samahani mgeni, neno hilo silo. Karibu ujaribu tena." Wewe huyo! Hata ukimfukuza mtu unamkaribisha. Nikaandika MWANAIDI. Papo hapo, samahani mgeni. MTONI, RUKIA, KITUMBUA, yote papo hapo. Nimechoka, kiu imenishika, nikaandika CHAI kwa hasira tu.

Mashine ikasita.

Kidogo sana, Da Rukia. Kama mtu aliyeulizwa kitu anachokijua, akafumbua mdomo halafu akakumbuka kwamba kakatazwa kusema. Kisha ikaja samahani mgeni ile ile. Nikadhani ni simu. Nikarudia CHAI, ikasita tena. Nikaandika MAJI, ikajibu papo hapo. Nikaandika CHUMVI, ikasita sawa na CHAI. Hapo nikajua si simu.

Maana programu yako mie naijua, nilikaa pembeni yako ukiiandika. Kila herufi anayoiandika mgeni unaipitisha kwenye yale mahesabu yako mazito, ndipo uilinganishe na ya kwenye neno la kweli. Mashine yetu nayo ya zamani, kila herufi inaisaga kwa muda. Na wewe uliiambia hivi: ukikuta herufi ya kwanza si yenyewe, acha hapo hapo, omba samahani. Ikiwa sawa, endelea na ya pili. Kwa hiyo aliyekosea mwanzoni anajibiwa upesi, na aliyepata herufi mbili tatu anakawizwa kidogo. Nakumbuka nilikuuliza kwa nini usiiache imalize yote ndipo ijibu. Ukasema, "Chiriku, mgeni hawekwi mlangoni kwa jambo ambalo jibu lake unalo." Nikaona ni maneno ya adabu, na kweli yalikuwa ya adabu. Wala mie sikuona zaidi ya hapo.

Basi nikaanza kulifuata neno kwa ule usitaji wake. Baada ya CH nikajaribu kila herufi ya tatu, nikisikiliza ipi inaikawiza zaidi. Ilikuwa I. Nikaenda ya nne, ikawa R.

CHIR. Hapo sikuhitaji tena kuotea, lakini macho yalikuwa hayaoni kibodi. Chiriku. Jina ulilonibandika wiki ile ya kwanza nilipokuja kujifunza kazi, kwa sababu sinyamazi, kama ndege wa kwenye mkungu. Watu wote wanaojua kuweka maneno ya siri huweka maneno ya kutisha, wewe umeweka mie. Nilililia pale, muuza duka wa Mwenge akaniletea maji akidhani nimepokea habari mbaya. Nikamaliza kuliandika, mashine ikafunguka: "Karibu ndani."

Furaha yenyewe haikukaa. Kama mie nimeingia bila kuambiwa neno, basi yeyote mwenye subira na saa nzuri ataingia. Programu haikuwa siri, diski zake kila wakala anazo, ulisema mwenyewe kitasa cha kweli ni kile ambacho hata fundi wake hakifungui bila ufunguo. Na ufunguo ndio ulikuwa neno, hilo hilo la kufungulia mlango na la kunyooshea barua zilizovurugwa. Nikakumbuka zile simu za mchana, modemu inapokea, inalia, inakatwa, inapigwa tena, mpaka Mzee Abeid anasema simu mbovu, tuwaite watu wa simu. Simu haikuwa mbovu. Kulikuwa na mtu anapiga hodi na kusikiliza.

Na uelewe, fumbo lako halikuvunjwa. Hakuna aliyelivunja, najua ungeuliza hilo kwanza. Ni muda tu wa kujibu ndio uliokuwa unasema.

Nikaenda kwa mama yako kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, maana jina lako ni lake. Nikamwambia, Bi Mwanaidi, nimeshajua majina yanatokaje, wewe umesafika. Nikamwambia tundu liko kwenye programu ya Rukia. Akaniwekea kiganja mdomoni, kweli, kiganja chenye unga. Akasema, "Basi usiseme. Mimi nitakufa na fedheha yangu, mwanangu asiguswe kaburini."

Mie chiriku mzima nimezibwa mdomo. Niseme nini? Nikisema ninakuchafua, nikinyamaza namwacha mama yako apunguziwe sauti bombani mpaka mwisho wake. Halafu nikaona bora nimweleze kosa lenyewe lilivyo, pengine hajalielewa. Nikamwambia, mama, hakuwa mzembe. Aliifundisha mashine isimweke mgeni mlangoni. Anayekosea ijibu hapo hapo, imwombe radhi. Ni hilo tu.

Mabega ya mama yako yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinapanda. Kicheko cha kwanza tangu tukuzike. "Rukia huyo!" akasema. "Rukia wangu mimi huyo!" Akanikumbusha ile siku ya mtu wa kukata umeme, alivyopiga hodi na wewe uko bafuni umejaa povu, ukapiga kelele "Karibu, karibu ndani, upo uji wa moto!" hata hujui ni nani. Yule bwana akaona haya, akaingia, akanywa uji, akaondoka na koleo lake mfukoni hajakata kitu. Mama yako alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. Akapangusa macho, akasema, "Nilimfundisha mimi. Ukisikia hodi, itikia kabla mtu hajamaliza. Nenda kamwambie Abeid. Kwa kosa la namna hiyo sioni haya."

Nikaenda. Mzee Abeid alikuwa hataki kusikia habari za mahesabu, kwa hiyo sikumpa mahesabu. Nikamwambia, weka neno lako mwenyewe, nisilijue. Akafunika kibodi kwa kofia yake, akaandika huku kanipa mgongo, mtu mzima na ndevu zake kama anaficha peremende. Nikaanza kupiga hodi. Naandika, nasikiliza. Yeye anatazama anatabasamu. Nilipofika HAL tabasamu likapungua. Nilipoandika HALUA na mashine ikasema karibu ndani, akakaa kwenye robota.

"Kumbe inafanya kama mteja," akasema. Nikamuuliza vipi. Akasema mteja asiyeitaka kanga ukimtajia bei anakataa hapo hapo, lakini anayesita, huyo pesa anayo na kanga anaitaka, amebaki kujishauri. "Maisha yangu yote nasoma watu kwa kusita kwao," akasema, "na mashine yangu mwenyewe inasomwa hivyo hivyo na jirani." Kisha akavua kofia akaishika mkononi. Akasema jina la mama yako, taratibu, mara mbili.

Alikwenda alasiri ile ile, yeye na mkewe, na sinia la halua limefunikwa kawa, njia ya mbele, kila mtu aone. Mie nilikuwa ndani na mama yako. Mzee akapiga hodi. Da Rukia, mama yako hakujibu! Nikadhani hakusikia, nikamtazama, naye kanikazia jicho ninyamaze. Akapiga hodi ya pili. Mama yako akajifunga kanga upya, pole pole, akakung'uta mkeka ambao haukuwa na vumbi. Nje watu wamesimama bombani na ndoo zao, wanaona tajiri wa Mtoni yuko mlangoni na sinia. Hodi ya tatu sauti ilikuwa imeshuka kabisa. Ndipo akasema, "Karibu, Abeid. Nilikuwepo."

Mzee akaomba radhi kwa mdomo wake, akakubali kosa lake, mkewe analia pembeni. Mama yako akasamehe, akawapakulia halua yao wenyewe. Walipoondoka akaniambia, "Rukia angenigombeza kwa kumweka mtu mlangoni." Tukacheka, tukalia kidogo, tukala halua iliyobaki.

Sasa habari ya kazi. Programu nimeitengeneza. Wapo waliomshauri Mzee aitupe anunue ya nje, nikamwambia akiitupa anitupe na mie, akasema hana jaa la kunitosha. Nimeiambia mashine isage herufi zote mpaka ya mwisho, hata kama ya kwanza ni kosa, kisha ingoje mpaka muda niliouweka utimie ndipo ijibu. Mwenye neno la kweli anangoja, mwizi anangoja, wote sawasawa. Nilipokuwa naandika ile mistari niliona kama nakufundisha ukorofi, nikakuomba radhi kwa sauti. Neno la Mwenge nimelibadilisha, hilo halikuwa na budi. Jipya sikwambii hata wewe. Lakini yale maneno yako sijayagusa. Bado inasema samahani mgeni, bado inamkaribisha ajaribu tena. Inachelewa tu kuyasema.

Zile simu ziliendelea. Inapigwa, inalia, inakatwa. Mie nakaa hapa nakunywa chai nasikiliza, roho yangu kwatu. Zikapungua, zikaacha. Jirani hatukumuuliza kitu na yeye hajatuambia kitu, tunaamkiana kama kawaida. Mkewe masikini hakujua lolote, bado anamletea mama yako wali.

Na jana mzigo umefika. Jina jipya la mama yako, alilitunga wiki ile ile ya halua, na safari hii hakuna aliyelitundika kabla yetu. USIUPIME UKIMYA WANGU. Wanawake wamegombania, Tandale wametuma mtu achukue robota zima, mke wa jirani kanunua doti na kuivaa hapo hapo dukani. Kila mmoja ana anayemkusudia. Mie nilimuuliza mama yako yeye alimkusudia nani, jirani au Mzee Abeid? Akasema, "Hao wana ukimya gani?" Akaendelea kukunja kanga yake. Nikaelewa, ukimya ule ni wako.

Nimekuwekea doti moja sandukuni kwako, lile la miguu, juu ya nguo zako.

Basi, sista, nikuache. Mama yako nitamtazama, kila Ijumaa nitakuwa kwake, hilo nakuahidi na Mungu anisikia. Mlango wako nitaulinda, na atakayekuja kujifunza kazi kwangu nitamfundisha kumngojesha mgeni na kumwomba radhi, yote mawili. Na mie ukimya wako siupimi. Nimekuamkia mwanzo wa barua hii hujaitikia, nitakuamkia na kesho, kaa kimya utakavyo.

Ila siku yangu ikifika, nikipiga hodi huko uliko, tafadhali Da Rukia, usije ukawa umejifunza haya mambo yetu mapya. Niitikie kabla sijamaliza.

Mdogo wako,
Tatu. Chiriku.